Meno Yangu Kwenye Sufuria

Mume wangu amewatengenezea meno nusu ya watu wa mji huu, na mimi mkewe nikakaa kibogoyo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wakianza kumsifu mbele yangu huwa natamani niwaonyeshe fizi, mazungumzo yaishe.

Wanamwita Fundi Meno. Chumba chake cha kazi ni kile cha nyuma, ukuta mmoja na jiko langu, chenye dirisha dogo na meza nyeupe kwa vumbi la plasta. Madaktari humletea alama za vinywa vya wagonjwa wao, naye huwatolea meno ya bandia. Harufu ya kazi hiyo ni kali, inapanda puani, imeingia kwenye mapazia na mito ya kulalia. Nimefua weee, mpaka nimenyoosha mikono.

Na ukae naye uone. Kwake dunia nzima imeshikizwa kwa utomvu. Vanishi ya mlango, utomvu. Gundi ya soli ya kiatu, utomvu. Ubani, sandarusi, lakiri ya kufungia bahasha, vifungo vya shati, rangi ya kucha za jirani, vyote ukoo mmoja. "Huu umetoka kwenye mti, huu kwa mdudu, huu kiwandani," ananieleza, na mimi natafuta tu pa kutua sufuria ya moto. Lile bamba la kahawia analolitandika kwanza ili kupanga meno juu yake, eti ni utomvu wa mdudu! Siku aliyoniambia nilitema mate.

"Yaani unamtia mtu mdudu mdomoni?"

"Ni la kujaribia tu, mama. Fizi zenyewe nazipika kwa unga wa plastiki. Huo ni utomvu wa kiwandani."

Haya.

Meno yangu ya juu yaliondoka kwa ugonjwa wa fizi, moja moja, kama wageni wanaoaga. Mbele nilikuwa na mwanya, na mwanya huo ndio uliomleta huyu bwana kwetu, mwenyewe hakatai. Yalipoisha nikaanza kuziba mdomo kwa kiganja kila nikicheka. Mbele za watu, sawa. Lakini nilianza kuziba hata mbele yake, chumbani kwetu, na hilo liliniuma kuliko nyama iliyonishinda kutafuna. Nikimwambia nitengenezee basi na mimi, ananijibu, "Wiki ijayo, mama." Wiki ijayo ikazaa miaka. Siku zote kulikuwa na mteja anayesafiri, mteja mwenye harusi, mteja anayelia.

Kisha vidole vyake vikaanza kuchanika. Yale maji ya kukandia unga wa plastiki yalimgeuka: ngozi ikavimba, ikawasha, ikapasuka kwenye kila kiungo. Alivaa glavu, maji yakapenya. Daktari wa ngozi akamwambia mwili umeshakataa, aiache kazi. Alirudi akakaa kwenye stuli yake bila kuvua viatu.

"Nimechoka, mama," akasema. "Natengeneza seti moja ya mwisho, basi."

Sikuuliza ya nani. Niliogopa jibu.

"Sasa unasimama mlangoni kufanya nini? Njoo ukae, fungua mdomo," akaniita.

Siku aliyonijaribishia, meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta, alinipa kioo. Nikatazama, nikauona mwanya. Badala ya kufurahi nikapandwa na hasira, sijui hasira ya miaka yote ile.

"Mwanya wa nini na umri huu? Unanifanyia utani? Ufunge. Nataka meno yaliyobanana, kama ya watu wa kwenye kalenda."

"Una hakika? Kwenye nta nasogeza. Yakishapikwa, basi tena."

"Funga!"

Akapasha kisu moto, akayasogeza.

Asubuhi iliyofuata aliyafukia kwenye plasta ndani ya kasha la shaba, akaiyeyusha nta yote ikatoka, kisha akakanda ule unga wa plastiki, wa rangi ya waridi, na maji yake, anauma midomo kwa maumivu. Akaushindilia palipokuwa na nta, akalibana kasha kwa jiliwa, akalizamisha kwenye sufuria kubwa jikoni kwangu. Hapo moto lazima uwe mdogo. Maji yakichemka kwa fujo plastiki inajaa mapovu, na kazi yote ni ya kutupa. Na safari hii hakukuwa na mikono ya kurudia. Akavuta stuli ili alinde moto. Baada ya muda kidogo kichwa kikamwangukia kifuani, mikono juu ya magoti, viganja wazi, vinang'aa kwa mafuta ya dawa.

Sikumwamsha. Nikakaa mimi. Sikupika, sikufagia, nilikodolea macho ile sufuria. Nikivitazama vile vidole, mwanya ukanirudia akilini. Aliupanga bila picha yoyote, kwa kumbukumbu tu, na ulikuwa ni ule ule. Mungu wangu, nilifanya nini mimi? Nilitamani kulifungua lile kasha. Lakini nta ilikuwa imekwisha kutolewa, hapakuwa na cha kusogeza. Nikapunguza moto.

Yalitoka safi, hayana povu hata moja.

"Moto nani kaulinda?" akauliza.

"Jini."

Akayasugua mpaka yakang'aa, akanivisha. "Sema kitu."

"Siku zote nasema, husikii," nikasema. Maneno yakatoka yamenyooka, kama ya msomaji wa habari.

"Yamekaa vizuri," akajibu, kwa sauti anayowapa wateja. Akanishikia kioo kwa adabu, akanitazama mdomo kwa muda mrefu, kisha akatazama dirishani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na tulikaa pale kama watu waliotambulishwa dakika ile.

Yalinibana, nikayatoa ili nisuuze. Kisha nikakaa karibu naye nimpake dawa, maana mwenyewe hawezi tena.

"Hebu sema tena," akaniambia.

"Sisemi ng'o!" Bila meno, neno likatoka na upepo mtupu.

Mabega yake yakaanza kutikisika. "Ee, huyo sasa namjua."

"Mwone! Mzee mzima, unachekea nini?" Lakini na mimi kicheko kilikuwa kimenishika. Nikataka kuziba mdomo kama kawaida yangu. Mkono mmoja ulikuwa na meno, na ule mwingine alikuwa ameushika yeye kwa mikono yake yote miwili, iliyopasuka, yenye mafuta, na hakuuachia. Basi nikacheka hivyo hivyo, fizi nje, mpaka machozi yakanitoka.