Shanga za Mwerebi wa Jagoda

Genowefa hakuwa mwanamke wa kugombana, lakini kiangazi kile aligombana na mumewe kwa ajili ya mti. Ulikuwa mwerebi, mti wenye fito za kusukia vikapu, pembeni kabisa mwa shamba lao la fito. Mwaka alipomzaa binti yake Jagoda alilichomeka topeni tawi la mwerebi, ambalo kwao hubebwa Jumapili ya Matawi badala ya mtende, likiwa bado bichi kwa maji ya baraka, nalo likashika mizizi. Sasa Jagoda mwenyewe alikuwa mjamzito huko mjini, na Genowefa alitaka kitanda cha mjukuu kisukwe kwa fito za mti huo, si mwingine.

Kumbe majani yakaota vivimbe vyekundu, vya mviringo kama shanga. Mumewe Walenty, msusi hodari wa vikapu na mwoga wa kuzaliwa, alipoviona akafuata shoka.

"Ugonjwa huo! Ukiingia shambani tutasuka nini, mama? Ndevu zangu?"

Genowefa akachuma jani, akapasua kivimbe kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kiwavi mdogo mweupe, amejikunja, ameshiba.

"Huyu ndiye anayekutoa jasho, mzee? Kajijengea nyumba kwenye jani. Wewe unasuka majani?"

"Sisuki, lakini..."

"Na kila Jumapili ya Matawi unameza vile vishada vya maua yenye manyoya vya mti huuhuu, eti koo lisikuume mwaka mzima. Mbona hujafa?"

Walenty akakohoa. Kumeza alikuwa akimeza kweli.

"Haya, tungoje majani yaanguke. Nikikuta doa kwenye ufito, naung'oa mti na mizizi yake."

Moyo wa Genowefa haukutulia. Kila akitoka kukamua ng'ombe alipitia pale, akaugusa mti kama anayemjulia hali mgonjwa.

Majani yakaanguka na shanga zake, ndege wakazidonoa. Baridi ilipokaza Walenty akakata fito, akazichemsha, akazimenya. Genowefa alisimama mlangoni, akiukagua kila ufito kwa macho. Mumewe akaupinda ufito mmoja, akaupinda tena, akaunusa. Ulikuwa laini, rangi ya asali, hauna kovu.

"Mh," akasema, akaanza kusuka.

Jagoda alikuja Pasaka na mtoto wake mchanga. Mtoto alinyonya, akalazwa katika kitanda kipya cha fito, akalala papo hapo. Walenty aliinama juu ya kitanda muda mrefu, macho yamemlowa.

"Mtazame, mama. Kashiba, kajikunja kama yule kiwavi wako."

"Ndiyo," akajibu Genowefa, akicheka kwa furaha. "Na wewe ulitaka kumvunjia nyumba."