Baiskeli Zote Hulala Ipogolo

Nilitoka Makongolosi alfajiri na begi moja, na kwenye nywele vumbi la dhahabu ya watu wengine. Gari lilipanda milima ya Chunya ndani ya ukungu, likateremka Mbeya, nikalala mtaa wa Soweto kwa shangazi, sebuleni, kwa sababu chumba nilichokulia kilikuwa na mpangaji. Kesho yake nikapanda basi la Iringa. Igawa, Makambako, Mafinga. Njia nzima niliwaona wanaume wakisukuma baiskeli za mkaa, nikamkumbuka marehemu baba, aliyesukuma ya ndizi mpaka kifua kikamkatalia. Nilisema moyoni kwamba mimi baiskeli hazitanipata.

Nilishuka Ipogolo, bondeni kwenye barabara kuu. Mji wenyewe wa Iringa uko juu ya mlima, na ukiwa Ipogolo unautazama kama mtu anayetazama dari. Hapo ndipo nilipoziona baiskeli za mradi, za kijani, zimefungwa kwenye vyuma. Unafungua kwa simu, unaendesha, unaiacha kituo kingine, unaenda zako. Waliobuni mradi walitoka mji tambarare. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeajiriwa kuangalia kituo cha juu, karibu na soko.

Kituo cha Ipogolo kiliangaliwa na mama mmoja wa Kalenga, umri kama wa dada yangu mkubwa. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimtoa shambani na godoro lake tu. Aliniambia hayo siku za mwanzo, bila kulia, huku anafuta viti vya baiskeli. "Nikirudi Kalenga watasema ukoo ulinifukuza na mji nao umenifukuza. Sirudi."

Tatizo lilikuwa kanuni. Kituo kilipimwa kwa baiskeli zinazotoka na wateja. Kwangu zilitoka zenyewe: kila asubuhi wanafunzi na makarani walizichukua, wakateremka nazo wakipiga miluzi. Mkutanoni msimamizi alinisifu kwamba nina mvuto kwa wateja. Mteremko ndio uliokuwa na mvuto. Kwa yule mama zilifika zikalala. Nani apande mlima ule kwa miguu yake wakati bodaboda wapo? Jioni pikapu ya mradi ilizibeba kuzirudisha juu, na zilizobebwa na pikapu hazikuhesabiwa.

Msimamizi, kijana ambaye yule mama angeweza kumzaa, alimsimamisha mbele yetu. "Mama, wewe unahudumia wateja au unawafukuza?" Tulicheka. Nilicheka pamoja na wengine. Akampa mpaka mwisho wa mwezi, abadilike au aondoke.

Hakuwahi kupanda baiskeli maishani. Alijifunza palepale Ipogolo, na waendesha bodaboda walisogeza benchi lao wamtazame vizuri akianguka. Kisha akaanza kupanda mlima. Alifungua baiskeli kwa simu yake mwenyewe, akaendesha palipowezekana, kwingine akasukuma. Mtambo haukujua tofauti. Alivaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kanga.

"Bibi, shuka umbebe huyo mtoto wako, amechoka," bodaboda walimwambia.

"Pikipiki yako inakunywa petroli, mimi ulanzi," aliwajibu bila kusimama. "Tutaona nani ataishiwa kwanza."

Alifika kwangu amelowa jasho, akafunga baiskeli, akanywa maji, akarudi chini kwa miguu. Nilimwambia apumzike. Alisema akikaa atalala, na akilala ameshafika Kalenga. Nilimuuliza pia kwa nini hateremki na baiskeli, akanijibu kama anavyojibiwa mjinga: zingejaa tena kwake.

Mwezi ulipoisha, msimamizi aliwaonyesha wageni mchoro ukutani. Mstari wa Ipogolo ulikuwa umepanda. Akasema wananchi wameukubali mlima, kwa hiyo pikapu haina kazi tena, na mradi sasa utaenda Mbeya, maana kama Iringa imewezekana, Mbeya inashindwaje? Wageni walipiga makofi. Yule mama akanyanyuka.

"Baba, hao wananchi ni mimi."

 Msimamizi akatabasamu. "Basi hongera sana, mama. Endelea hivyo hivyo."

Pikapu haikurudi. Mvua zilianza, lami ikawa na utelezi, na malori ya mbao yalimrushia matope. Sasa hakuwa akipandisha ili hesabu ipande tu. Alipandisha kwa sababu kama nisingepata baiskeli za asubuhi, wateja wangepiga simu kulalamika, na lawama zote zingeishia kwake. Alianza kuchechemea. Bodaboda wakampa jina ambalo sitaliandika.

Siku moja msimamizi alipita Ipogolo asubuhi akakuta kituo hakina mtu, na tairi moja limefunguliwa na wezi. Akaja juu, akasimama karibu nami. Baada ya muda yule mama akatokea kwenye kona, anasukuma.

"Mama, kituo chako kiko wapi?"

"Chini, baba."

"Na wewe uko wapi?"

 Aliingiza baiskeli kwenye chuma, akanigeukia. "Imesomeka?"

Nilimwambia imesomeka. Aliachishwa kazi palepale, kwa kosa la kutelekeza kituo. Nilimfungulia baiskeli ateremke nayo walau siku hiyo, akakataa kwa kichwa. Miezi yote ile hakuwahi kuonja mteremko. Alishuka kwa miguu, akafunga godoro lake, na jioni alikuwa kwenye gari la Kalenga.

Msimamizi aliniomba niende Mbeya kufungua vituo. Alisema wewe ni mtu wa Soweto, milima unaijua. Nikamwambia nitafikiri, na asubuhi iliyofuata nikafungasha begi. Nilichukua baiskeli kituoni kwangu, nikaiachia iteremke mlima. Upepo ulijaa shati, miguu haina kazi, bonde lote liko wazi mbele. Ilikuwa raha, siwezi kusema uongo. Ipogolo nikaifunga kati ya zile nyingine.

Mwangalizi mpya alikuwa msichana mwenye shati la mradi ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Waendesha bodaboda walikuwa wameshasogeza benchi.

"Shikamoo, baba. Utarudi nayo?"

"Marahaba. Hapana, mimi nasafiri," nikasema, na basi la Dodoma likasimama.