Fundi vioo anayeogopa kupiga chafya

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Fundi vioo ameinama juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, kioo cha dirisha kimelala mbele yake. Mkono wake wa kulia umeshika kikalamu cha kukatia, chenye kigurudumu cha chuma kwenye ncha. Rula ndefu ya mbao imebanwa na mkono wa kushoto, ila mkono huo si wake. Ni wa mkewe.

“Bana hapo. Usiniegemee.”

“Nimebana. Wewe ndiye unayeyumba.”

“Siyumbi mama, nahema.”

“Basi hema baadaye.”

Kikalamu kinapita, kioo kinalia kama panya aliyekanyagwa. Kufika mwisho tu, fundi anatupa kikalamu na kujibana pua kwa vidole viwili. Haisaidii. Chafya inamtoka.

Mkewe hatingishiki. Wanatazamana.

“Kichwa?”

“Kipo.”

“Mkono?”

Fundi anainua mkono wa kushoto, anakunja vidole na kuvikunjua. Mara tano, kama alivyofundishwa. “Upo.”

Ndipo anakumbuka kioo. Kioo kikishachorwa hakingojeshwi. Ukikiacha, ule mstari unapoa na kitakwenda kuvunjika kinakotaka chenyewe. Anakishika kwa mikono miwili, anakibinya. Tak! Kimekatika vizuri. Mkewe anashusha pumzi.

Hivyo ndivyo siku zao zinavyokwenda tangu miezi minane iliyopita, fundi huyu wa miaka arobaini na sita, ambaye mtaa mzima unamwita Milimita, alipoambiwa kwamba ndani ya kichwa chake kuna fundo la mishipa ya damu. Daktari alisema ni la sentimita mbili hivi. Yeye akiulizwa anajibu, “Ishirini na moja. Niliomba wapime tena.”

Dalili zilianza mapema, lakini alizisoma kwa akili ya kifundi. Vioo vyake vilianza kutoka vimepinda, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Akalaumu rula. Akanunua nyingine, halafu ya tatu. Akabadilisha kigurudumu, akatia vipande vya kadi chini ya miguu ya meza. Kuna mteja, mwalimu mstaafu, aliyerudisha vioo vinne. Milimita alimjibu kwamba vioo viko sawa, nyumba yake ndiyo imekwenda upande.

“Nilimtukania nyumba mama wa watu,” anasema, akitazama chini. “Kumbe rula ilikuwa inateleza mkononi mwangu, na mimi sina habari.”

Siku moja vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kucheza vyenyewe. Mtikisiko ukapanda kwenye kiwiko, ukafika begani, akaanguka na kioo chake. Alishonwa nyuzi sita kwenye paja. Mshona viatu wa kibanda cha jirani akatangaza kwamba fundi karogwa na mteja. Hospitalini walisema ni degedege la kifafa, wakapiga picha ya kichwa, na picha ikaonyesha chanzo.

Daktari wake, mama mmoja mpole asiyependa kuzungusha maneno, alimchorea kwenye karatasi. Damu hutoka kwenye moyo kwa nguvu kupitia ateri. Kabla haijaingia kwenye vena kurudi moyoni, hupita kwanza kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele, na humo nguvu yake hupungua. Kwa Milimita, pale penye fundo, vimishipa hivyo havipo. Ateri inamwaga moja kwa moja kwenye vena, na kuta za vena hazikuumbwa kubeba msukumo huo. Zinavimba. Siku moja zikichoka, zinapasuka, na damu inavuja ndani ya ubongo.

Mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na moja, alipopata habari aliuliza swali moja tu: “Nilikula nini nilipokuwa na mimba yako?”

Swali hilo Milimita alilipeleka kwa daktari, akaongeza na lake: je, watoto wake wawili nao wanaweza kuwa nalo?

“Mwambie bibi hakukosea kitu,” daktari alimjibu. “Hasa kwa nini hutokea, hatujui. Wengi tunadhani mishipa hujipanga vibaya mtu akiwa bado tumboni, au baadaye kidogo. Mara chache sana huonekana katika ukoo. Kwenye ukoo wenu sioni dalili. Wala si vioo, wala si mchawi.”

“Basi litapasuka lini?”

“Pengine kamwe. Kati ya watu mia walio na tatizo hili, wawili hadi wanne huvuja damu kwa mwaka.”

Takwimu hiyo ilikusudiwa kumtuliza. Badala yake, Milimita alianza kusimama mlangoni pa kibanda akihesabu wapita njia. Akifika mia anaanza upya, akijiuliza watatu wake ni nani. “Mara yule mwenye mwavuli. Mara yule muuza ndizi. Mke wangu akaja akanivuta shati, akasema, ‘Utawatia watu nuksi.’”

Siku hizi akichelewa chooni, mkewe anagonga. “Uko hai?” Naye anajibu kwa sauti ya majirani kusikia: “Nipo, na bado sijamaliza!”

Haruhusiwi kupanda ngazi wala kuendesha pikipiki. Kazi za ghorofani, ndizo zilizokuwa na faida, zimekwenda kwa wengine. Kipato kimebaki theluthi moja. Mkewe aliuza cherehani yake akaja kushika rula.

Kilichowagombanisha ni matibabu. Milimita alitaka apasuliwe haraka, yaishe. Ndivyo alivyozoea: umechora, vunja. Daktari akamwambia upasuaji ungeweza kumaliza fundo siku hiyohiyo, lakini limekaa jirani kabisa na sehemu inayoendesha mkono wake wa kushoto. Wapo wanaopitishiwa mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi kichwani, mishipa ikazibwa kwa gundi maalumu. Mishipa yake imejipinda mno. Iliyobaki ni mionzi, inayoelekezwa kwenye fundo peke yake, siku moja tu, bila kisu. Ubaya wake ni kwamba mishipa huziba taratibu, miaka miwili hadi mitatu, na muda wote huo inaweza kupasuka vilevile.

“Miaka mitatu ya kubana pua!” Milimita alilalamika.

“Ukipooza mkono nitakulisha,” mkewe akamwambia mbele ya daktari. “Lakini nakujua. Utakaa kitini unalia rula, rula, mpaka mimi ndiye nipasuke.”

Wakachagua mionzi. Ni Jumanne ijayo, saa moja asubuhi. Atafungwa chuma kichwani kwa skrubu nne ili asitingishike. “Miaka ishirini na miwili nawatia watu fremu,” anasema. “Sasa zamu yangu.” Anacheka, halafu mdomo unabaki wazi kidogo, kicheko kimekwisha. Anaongeza kwa sauti ndogo kwamba kati ya leo na Jumanne kuna siku nne, na hizo ndizo anazoziogopa kuliko ile miaka mitatu.

Mchana anaingia kijana wa kike anayetaka kioo cha kabati. Milimita anamsogezea mkewe kikalamu, anakwenda kuketi, mikono ameikalia. Mkewe anapima, anapima tena, anachora. Anabinya. Kioo kinakatika.

Fundi hawezi kujizuia. Anainuka na futi ya kupimia. “Pungufu milimita mbili.”

“Kitakaa,” anasema mteja. “Puti ya pembeni itaziba.”

“Kitakaa. Ila mimi nitajua.”

Mteja, aliyekwisha kusikia habari za kichwa chake, anamuuliza anatarajia nini. Anasugua vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja. “Mwaka wa kwanza, huyu mke wangu ajue kukata mstari. Wa pili, duara. Wa tatu nirudi ghorofani, picha ya kichwa ikiwa safi. Mkono ukigoma, basi. Lakini nataka niwepo. Niwe hapo kwenye kiti, namkosoa.”

“Ugonjwa huo hauna mionzi,” anasema mkewe. Amekwisha kuvuta kioo kingine, anakilaza juu ya blanketi. “Haya, sogea, unanizuia mwanga.”

Anasogea.