Muuaji Katika Riwaya ya Ditram

Ditram ana steshenari Mikumi: mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta moja na benchi la wateja. Aliacha shule kidato cha pili, lakini kwa miaka ishirini amewaandikia watu barua za kuomba kazi, kuomba msamaha na kuposa. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge hapa Kilosa. Wao ni Wanyamwezi, sisi Wasagara. Kwa hiyo Ditram ni mtani wetu.

Mume wangu Oswald alipofariki, Ditram ndiye aliyefanya utani msibani. Alijilaza ndani ya kaburi kabla jeneza halijashushwa, akapaza sauti: "Mzikeni na funguo zake! Huko aendako kuna ghala, asije akarudi kuzitafuta!" Watu walicheka. Nami nilicheka, maana mtani hanuniwi.

Kila mtu alijua anachosema. Oswald alikuwa karani wa ghala la mkonge. Ghala hilo liliungua na mlinzi akiwa ndani, mlango umefungwa kwa nje. Uchunguzi ulifanyika na mume wangu hakuonekana na kosa. Nimewaeleza hivyo watoto wangu, na wajukuu nao nitawaeleza.

Mwaka juzi Ditram alikuja kwangu, Magomeni ya Kilosa, na bahasha kwapani.

"Shikamoo, mjane."

"Marahaba. Mkeo naye atakuwa mjane karibuni, kwa jinsi ulivyokonda."

"Nimekondeshwa na kazi. Nimeandika kitabu."

Ilikuwa riwaya ya kutisha, kurasa mia na kumi, ameichapa na kuijalidi mwenyewe. Walimu wa sekondari moja walimwahidi kuwapa wanafunzi waisome, mradi mimi, niliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, niandike uzuri na udhaifu wake, kisha nitie sahihi kwamba inafaa.

"Ukisema inafaa, mimi ni mwandishi," alisema. "Ukikataa, nabaki mpiga kopi mpaka nife."

Niliisoma kwa siku mbili. Nitasema haki: yule mtu ana kipaji. Mpelelezi wake ni mkunga mstaafu, ambaye hakuna anayeweza kumdanganya kwa kuwa aliwapokea wote walipozaliwa. Hofu yake haina majini wala damu. Ni mlinzi aliyekufa motoni anayebisha tu, mara tatu, kwenye mlango ulio wazi. Nywele zilinisimama mchana kweupe. Udhaifu nao ulikuwapo. Polisi wake wanaongea kama wanahutubia mkutano, sura ya nne inarudia ya pili, na bwana mmoja aitwaye Marko anazikwa ukurasa wa thelathini, kisha anakunywa chai ukurasa wa sitini.

Hayo yangerekebishika. Lakini muuaji alikuwa karani wa ghala, mtu wa heshima ambaye tangu siku ya moto hakuweza kula wala kulala mlango ukiwa umefungwa, hata masika mvua ikiingia ndani. Ndivyo alivyokuwa Oswald. Ditram aliyaona hayo kwa sababu mtani huingia nyumbani kwetu bila hodi.

Nilimwita.

"Huyu karani ni nani?"

"Ah, ni utani tu, mwalimu."

"Utani husemwa, watu wakacheka, wakaenda kula. Hiki kitasomwa na watoto wasiokujua wewe wala mimi. Hao watacheka nini?"

"Nilidhani mtani hanuniwi."

"Msibani. Si kwenye karatasi. Mbadilishe."

Alikigeuzageuza kitabu chake mikononi. "Nikimtoa karani, huyo mlinzi anabisha mlango wa nani?"

"Mwandishi ni wewe."

Alimbadilisha. Sasa muuaji alikuwa mfanyabiashara aliyeshuka kwenye treni stesheni ya Munisagara katika sura ya mwisho. Nilitia sahihi kurasa mbili za maoni, nikasifu kuliko nilivyoamini.

Walimu walikirudisha baada ya wiki. Walisema mwanzo uliwatisha, lakini huyu mfanyabiashara katoka wapi? Mmoja wao alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Muuaji ni karani. Mwandishi ameogopa kusema." Ditram alinionyesha mstari ule kwa kidole.

Sijutii kulinda jina la mume wangu, ingawa sioni kama nililinda chochote.

Mwezi uliopita nilikwenda Mikumi kutoa kopi za vyeti. Alinisalimu vizuri: "Shikamoo, mwalimu." Hakuniita mjane. Karatasi ya kujaribia wino aliyoitoa kwenye mashine ilikuwa na maandishi upande wa pili, nikamtambua mkunga wa riwaya yake.

"Ile riwaya ya kwanza, yenye karani, bado ipo?" nilimwuliza.

"Nilifuta. Si uliniambia?"

"Na sasa unaandika nini?"

"Barua za watu."

Alinipa kopi zangu zikiwa bado na joto, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.