Baba Hakuwa Mvivu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomwaibisha baba yangu mbele ya watu. Nakusimulia leo kwa sababu asubuhi nimekusikia ukimfokea mjomba wako kwamba anachelewa kumaliza uji makusudi. Nimechoka kuyasikia hayo. Ingekuwa ugonjwa wake unaletwa na uvivu, ungeanza na wewe.

Tulikaa huku huku Uluguru, enzi ya Mjerumani. Mama alikwisha kufariki, mjomba wako angali mtoto mdogo, nami nilikuwa msichana wa kuchumbiwa. Baba alifundisha Kurani. Kwanza herufi zake zilianza kuwa ndogo, ndogo, hata wanafunzi wakawa wanauinamia ubao kama wanaounusa. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Uso ukakauka, ukimchekesha usijue kama amefurahi. Akifika mlangoni miguu inaganda, nami nyuma yake na mtungi kichwani namwambia apite basi. Majirani walisema karogwa. Mimi nilisema anajidekeza, maana niliona jambo moja: mkono ule ulitetemeka akiwa amekaa tu, lakini akiunyoosha kushika kikombe, unatulia.

Ndipo akaja msimamizi wa akida, yule mtawala aliyewekwa na Mjerumani, kukusanya watu wa kutengeneza barabara ya Morogoro. Baba akasema hawezi, anaumwa. Yule msimamizi akampa jembe. Baba akalishika, mkono ukatulia. Msimamizi akanigeukia, akaniuliza kama kweli baba yangu ni mgonjwa. Nilikuwa nimechoka kumvisha, kumlisha, kumngoja.

Nikasema, "Akitaka anaweza."

Wakamchukua.

Siku ya tatu walimrudisha kwenye machela. Alikuwa akivuka mto juu ya gogo, miguu ikaganda katikati, wakamhimiza, akaangukia mawe. Mkono wa kushoto ulivunjika. Tukampeleka misheni, alikokuwapo daktari Mjerumani. Alipokwisha kuufunga ule mkono hakumruhusu aondoke. Alimwambia aandike jina lake, atembee hadi ukutani, ageuke. Akaukunja na kuukunjua mkono wa kulia, akauona umekakamaa. Kisha akautazama muda mrefu ukitetemeka juu ya paja. Kwa kinywa cha mkalimani alisema huu ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hana dawa ya kuuondoa, na desturi yake ni kuutetemesha mkono uliopumzika. Kile nilichokishika kama ushahidi kwamba baba ni mwongo kilikuwa ndiyo dalili yenyewe.

Nililia pale pale. Baba akaniambia kwa sauti iliyokuwa imebaki ndogo, "Mguu unasikia, binti yangu. Hauitiki tu."

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, wala hakunikumbusha. Nami siku nilipoacha kufoka nikaanza kutazama, niligundua kwamba nikilaza fimbo mbele ya miguu yake iliyoganda, anainua mguu, anairuka, anapita.

Sasa sikia. Mimi sikuwa na hospitali, wewe unayo. Daktari amekwambia mjomba wako ana Parkinson, na bado unalalamika mbona hakupimwa damu. Ugonjwa huu daktari huutambua kwa kumtazama mtu anavyotembea, anavyogeuka, viungo vilivyokaza, na kumwuliza ulianzaje. Vile vidonge alivyompa haviuondoi ugonjwa, vinaulegeza mwili. Basi mpe saa zile zile daktari alizoagiza, na usivikatishe ghafla kwa kuwa jirani amekuletea mizizi. Akianza kuona watu wasiokuwapo, au chakula kikawa kinampalia, mrudishe hospitali, usikae kubahatisha. Mtembeze kila siku. Mwachie amenye njegere zake mwenyewe, hata zikimaliza asubuhi nzima. Na akizungumza usimmalizie maneno. Uso umekauka, akili haijaenda popote.

Nawe ukichoka, niite. Usione haya. Mimi sikumwita mtu, nikauguza peke yangu mpaka uchungu ukanitoka mdomoni, na aliyeulipia ni mgonjwa.

Nenda kamwombe radhi mjomba wako. Mungu akupe subira niliyoikosa, aulinde ulimi wako, na siku mwili wako nao utakapokuwa mzito, akujaalie mtu wa kukungoja.