Nilivyopeleka Mkojo wa Shemeji Kupimwa

Ndiyo, mimi ndiye yule Kiprono aliyepeleka mkojo wa shemeji yake kupimwa akasema ni wake, na kama mnataka kucheka chekeni sasa mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa. Aibu niliipata, sikatai. Lakini sikuipata peke yangu, na hilo ndilo watu husahau wakinicheka pale sokoni.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati shamba la chai tulilofanyia kazi huku Kericho lilipoanza kulima na maua, na sisi wanaume kumi tukapewa pampu za mgongoni tupige dawa ya wadudu. Kazi ilikuwa ya kuringa: unaanza alfajiri, saa sita umeshanawa uko kwako unaangalia ng'ombe wako, na wenzako bado wako kwenye majani chai. Kila msimu Sista Wanjiru wa kliniki ya shamba alitupa chupa tukojoe, zikapelekwa maabara Nairobi kuangalia kama dawa imeingia mwilini. Jambo zuri, eh? Ila majibu hatukuwahi kuambiwa. Tuliona tu mtu ameondolewa kwenye pampu, amepewa jembe, hajui kwa nini. Kwa hivyo tuliogopa ile chupa kuliko dawa yenyewe.

Sasa msimu huo glavu yangu ya kulia ilikuwa na tundu (nilikuwa nimeomba nyingine mara tatu), na vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Nikajua nikikojoa kwenye ile chupa, kwaheri pampu. Wakati huo Wesley, ndugu ya mke wangu, alikuwa amekuja kutoka Ndanai kupumzika kwetu, kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma na macho yanatoa machozi, akisema ni malaria. Mvua ilikuwa nyingi na choo cha laini, zile nyumba za wafanyakazi, kiko mbali, tukampa kopo alale nalo. Asubuhi nikamwambia, "Wacha, shemeji, mgeni hamwagi kopo." Mke wangu Chebet akanitazama sana, maana kwetu shemeji anaheshimiwa lakini si hivyo! Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajaza chupa, nikaandika jina langu, nikajiona mjanja kweli kweli. Mtu wa ng'ombe na mahindi, hajawahi kushika pampu ya maua, atakuwa na dawa gani mwilini?

Wiki tatu baadaye tulikuwa tumepanga foleni kuitwa majina, wachuma chai na vikapu vyao, wapiga dawa na pampu zetu, meneja amesimama mbele, mara Sista Wanjiru akaja mbio na karatasi mkononi.

"Kiprono! Weka hiyo pampu chini! Unaona vizuri? Kichwa je?"

"Niko sawa, Sista."

"Huwezi kuwa sawa! Tangu nianze kazi hapa sijaona majibu mabaya kama yako."

Nikacheka kidogo, halafu nikaacha. Nilikumbuka Wesley akiniambia kupe wamezidi kwake, kwamba anakoroga dawa kwenye ndoo na kuwapaka ng'ombe kwa kitambaa, mikono mitupu, mara mbili kwa wiki. Ile haikuwa malaria, ilikuwa dawa ya kupe, sumu ya ukoo mmoja na yetu. Ningeweza kunyamaza, nilazwe kliniki niletewe chai, na yeye, ambaye alikuwa ameshaenda kwao Ndanai, aendelee kupaka mpaka aanguke.

"Sista," nikasema, "huo mkojo si wangu. Ni wa shemeji. Niliuiba kwenye kopo."

Wacha watu wacheke! Mama mmoja alikaa chini kabisa na kikapu chake mgongoni. Meneja hakucheka. "Kwa hivyo umedanganya kampuni?"

"Nimedanganya," nikajibu, na hapo hasira ikanipanda mpaka nikasahau aibu. "Nifukuzeni mkitaka, lakini kwanza gari liende Ndanai. Mnatupima kila msimu, majibu mnaweka kwenye droo, mtu anapewa jembe kama adhabu, na glavu ni zile zile. Hii hapa, tazama!" Nikainua mkono, kidole kikachungulia nje. Wapiga dawa wenzangu, mmoja mmoja, wakaanza kuinua zao.

Gari lilienda. Tulimkuta Wesley ameinama chini ya ng'ombe, amelowa mpaka kwenye viwiko, na ilibidi nimweleze mbele ya mama mkwe jinsi nilivyojua anaumwa nini. Mama mkwe akafunika uso kwa leso. Wesley aliniuliza tu, "Kwa hivyo lile kopo...?" Ndiyo, shemeji, lile kopo. Alilazwa hospitali Kaplong wiki mbili, na daktari akasema tungechelewa kidogo tungekuja kumzika.

Siku hiyo hiyo nilijaza chupa yangu mwenyewe. Majibu yalikuwa mabaya, nikapewa barua ya onyo na jembe miezi miwili, lakini safari hii niliambiwa kwa nini. Glavu mpya zilikuja kwa wote, na kila mtu akawa anaitwa peke yake kwa Sista kusomewa majibu yake. Niiteni mwizi wa mkojo, sijali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaficha tena: chupa yangu nitaijaza mwenyewe, hata mbele ya meneja, na majibu nisomewe mimi.

Wesley yuko hai, na ng'ombe anawapaka na glavu ndefu. Lakini akilala kwangu, hata mvua ya mawe inyeshe, anavaa gambuti na kwenda chooni mwenyewe.