Neno la mwimbaji wa Kopabeti lililonirudisha mikono mitupu kutoka Ibaba

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Nilichobadilisha ni majina tu.

Vita ilikuwa imekwisha, askari wamerudi kutoka Burma. Nilikuwa na miaka thelathini na miguu isiyotulia. Nikatoka Morogoro kwa treni hadi Dodoma, kisha malori: Iringa, Mbeya, halafu siku nzima ndani ya ukungu. Nilisinzia, nikaamka, milima bado ipo palepale. Nikashuka Tunduma, nikapata ukarani kwenye ghala la mahindi.

Mji ule uliishi kwa gramafoni. Na kila gramafoni ilikuwa na santuri ya Sailasi, mpiga gitaa wa Kopabeti, kwenye migodi ya shaba ng'ambo huko Rodeshia. Vijana walichana nywele kama yeye.

Siku moja akaja mwenyewe kutupigia dansi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alitaka kutupongeza kwa mavuno, akainua mkono:

"Poleni sana kwa furaha!"

Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake mji mzima ukawa unasema hivyo. Umepata mtoto? Pole kwa furaha. Umeshona koti? Pole kwa furaha. Baada ya mwezi hakuna aliyecheka tena. Lilishakuwa neno kama maneno mengine.

(Hivi ndivyo maneno yanavyotuingia, wakuu. Hayabishi hodi.)

Hapo nilikuwa nimempenda Esta, aliyekaa Tunduma kwa shangazi yake. Kwao ni Ibaba, juu milimani. Nikatafuta mshenga, mzee Simwinga. Njiani akanionya:

"Wewe mtu wa Morogoro, kule mchumba hana mdomo. Mdomo wako ni mimi. Hata ukikohoa, kohoa kwa adabu."

Tulipofika aliweka jembe jipya chini. Baba yake Esta akalitazama sana, kisha akaliokota. Maana yake, wamekubali.

Vigelegele! Ukungu ukipita mlangoni, moshi wa jikoni, Esta kainama anatabasamu. Moyo ukanijaa. Nikamgeukia mama yake:

"Mama, poleni sana kwa furaha!"



Nilijua, wakuu, ila nilisahau: binti yao mkubwa aliolewa ng'ambo, akafa mwaka uleule.

"Ananipa pole wakati namtoa mwanangu," mama akasema taratibu. "Anajua nini ambacho mimi sijui?"

Mzee Simwinga akaingilia: "Mama, ni maneno ya yule mwimbaji, siku hizi Tunduma wote..."

"Kwani mwimbaji ndiye anayeoa?" baba akauliza. Akalirudisha jembe miguuni petu.

Tukishuka, mzee aliniambia, "Acha mvua zipite. Tutapanda tena mlimani, uombe radhi kwa maneno yako mwenyewe."

Sikupanda. Niliona aibu, nikaiita aibu ile hamu ya safari.

Nilichojifunza: neno la mtu maarufu ni nguo ya kuazima. Dansini inakupendeza, ukweni inakuacha uchi. Na aliyekosea kwa ulimi ajirekebishe mapema kwa ulimi huohuo. Nanyi semeni, ni neno gani la mastaa lilishawaponza?

Siku niliyoondoka Tunduma moja kwa moja, Esta alikuja penye lori. Alisimama ameshika ubao wa pembeni, akingoja niseme kitu.

Nilitafuta neno. Kila lililonijia lilikuwa la santuri.

Dereva akawasha. Esta akaondoa mkono.